Seva ya nyumbani kwa kompyuta kuukuu: anza na stima

Watu wakija kibandani kwangu Kondele kuuliza habari ya seva ya nyumbani, yaani kompyuta inayowaka muda wote kutunza faili za nyumba nzima, huanza na kasi: prosesa gani, RAM ngapi. Mimi huwauliza kwao stima hupotea mara ngapi kwa wiki. Kompyuta yoyote ya ofisi iliyotumika ina nguvu za kutosha kutunza picha za familia na kurusha video kwenye TV. Kinachoua seva Kisumu ni stima na radi. Yangu ya kwanza ilikufa jioni moja ya masika. Radi iliingilia kwenye antena ya paa, ikafuata waya wa mtandao, ikachoma rauta na ubao mama. Diski ilipona kwa bahati tu.

Hatua ya 1: Tafuta mashine

Nunua kompyuta ya mezani aina ya Dell OptiPlex au HP EliteDesk yenye Intel Core i5 ya kizazi cha 6 kwenda juu. Sababu ni Quick Sync, kijisehemu ndani ya prosesa kinachobadilisha video ili simu au TV iweze kuicheza. Kizazi cha 6 kinasoma H.265, aina ya ukandamizaji wa video, ya biti 8. Kama una video za biti 10, tafuta kizazi cha 7. RAM ya GB 8 yatosha. Weka SSD ndogo (diski ya kasi) ya mfumo na diski ya inchi 3.5 ya TB 4 ya faili zako, lakini kwanza fungua kasha uone kama diski hiyo itaingia. Laptopu nayo si mbaya kwa kuwa ina betri yake, ila diski kubwa haina pa kukaa.

Ukiuziwa diski iliyotumika, ipime kwanza kwenye mashine yoyote ya Linux, baada ya kusakinisha smartmontools:

sudo smartctl -a /dev/sdb

Angalia Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Namba ya mwisho kwenye mistari hiyo isipokuwa 0, irudishe kwa muuzaji kabla hujafika stendi. Power_On_Hours ni umri wake. Saa 8,760 ni mwaka mzima bila kuzimwa.

Hatua ya 2: Stima

Hapa usiharakishe. Kwenye ubao mama kuna betri ya duara, CR2032. Kwenye mashine za zamani mara nyingi huwa imekufa. Stima ikipotea, saa inajisahau, na ikirudi mashine inasimama kwenye skrini nyeusi ikingoja mtu abonyeze F1. Wewe uko kazini, skrini haipo, na nyumbani wanasema "hiyo kitu yako imeharibika." Badilisha betri hiyo kabla ya jambo lingine lolote.

Kisha ingia BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguliwa inapowaka. Kwenye Dell tafuta AC Recovery, kwenye HP tafuta After Power Loss, uchague mashine iwake yenyewe stima inaporudi.

UPS, kifaa chenye betri kinachoshikilia mashine stima ikipotea, ya VA 650 inatosha seva na rauta pamoja. Chagua yenye waya wa USB, na ukishaweka mfumo (Hatua ya 3) usakinishe NUT, programu inayoizima seva kwa utaratibu betri ikikaribia kuisha. Dreva ya kawaida ni usbhid-ups. UPS za bei nafuu mara nyingi hutaka nutdrv_qx. Ukimaliza, chomoa UPS ukutani ukiwa umeketi palepale, uone seva ikizimika. Kisha rudisha stima, uone ikiwaka.

Kuhusu radi: UPS mara nyingi hailindi waya wa mtandao. Kama intaneti yako inatoka kwenye antena ya paa, chomoa waya huo mapema, kabla ngurumo hazijaanza. Wenye faiba wana nafuu, kioo hakipitishi umeme.

Mashine ya aina hii ikitulia hula kama wati 25, yaani uniti 18 hivi za tokeni kwa mwezi.

Hatua ya 3: Mfumo

Andika Debian, mfumo wa Linux wa bure, kwenye flashi, uisakinishe kwenye SSD. Ukiulizwa pasiwadi ya root (msimamizi mkuu), iache tupu ili mtumiaji wako apewe sudo, yaani ruhusa ya kutoa amri za msimamizi. Ondoa alama kwenye mazingira ya mezani (desktop environment), weka alama kwenye seva ya SSH, inayokuwezesha kuiamuru mashine ukiwa kwenye kompyuta nyingine. Kwenye rauta, itengee seva anwani moja isiyobadilika, tuseme 192.168.1.50.

Hatua ya 4: Diski kubwa

Andika lsblk ujue diski kubwa ni ipi; hapa nachukulia ni sdb. Soma mara mbili, maana amri ya pili hapa chini inafuta kila kitu.

lsblk
sudo mkfs.ext4 -L ghala /dev/sdb
sudo mkdir -p /srv/ghala

Kwenye /etc/fstab, faili la diski zinazofunguliwa mashine ikiwaka, ongeza mstari huu:

LABEL=ghala /srv/ghala ext4 defaults,nofail 0 2

Halafu:

sudo mount -a
sudo chown $USER /srv/ghala

Natumia jina ghala, si sdb, kwa sababu herufi hizo hubadilishana ukichomeka diski nyingine. Neno nofail linaifanya seva iwake hata diski ikifa. Bila hilo itakwama njiani.

Hatua ya 5: Faili na video

Samba ndiyo inayozionyesha kompyuta nyingine folda zako:

sudo apt install samba curl
sudo smbpasswd -a jina_lako

Mwishoni mwa /etc/samba/smb.conf:

[ghala]
path = /srv/ghala
read only = no
valid users = jina_lako

Anzisha upya Samba kwa sudo systemctl restart smbd. Kwenye Windows fungua \\192.168.1.50\ghala, utaona folda.

Kwa video natumia Jellyfin, ambayo ni ya bure:

curl https://repo.jellyfin.org/install-debuntu.sh | sudo bash
sudo usermod -aG render jellyfin
sudo systemctl restart jellyfin

Fungua 192.168.1.50:8096, ielekeze kwenye folda zako, kisha uwashe Quick Sync kwenye mipangilio ya kucheza video. Cha kwanza nilichoweka mimi ni video ya mazishi ya babu, iliyokuwa kwenye DVD 3 zilizokwaruzika. Ukitaka kuifikia seva ukiwa nje ya nyumba, usifungue poti kwenye rauta; sakinisha Tailscale, inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya siri.

Hatua ya 6: Mahali

Iweke juu ya meza, mbali na taa. Wadudu wa ziwani hufuata mwanga usiku, na feni huwavuta ndani. Nimewahi kutoa konzi nzima kwenye mashine ya jirani. Kipande cha chandarua mbele ya feni kinatosha, ukipige brashi kila wiki.

Hatua ya 7: Nakala

Diski mbili ndani ya kasha moja hufa kwa radi moja. Nunua diski ya nje, uichomeke wakati wa kunakili tu, ukiifungua (mount) kwenye /mnt/nakala:

mountpoint -q /mnt/nakala && rsync -a /srv/ghala/picha/ /mnt/nakala/picha/

Sehemu ya kwanza inahakikisha diski ipo kweli. Bila sehemu hiyo, diski isipokuwepo, rsync ingejaza SSD yako kimyakimya. Sijaweka --delete, kwa sababu mtoto akifuta folda leo, sitaki nakala nayo ifutike usiku. Ninazo diski mbili za nje. Moja iko hapa, nyingine kabatini kwa dada yangu Kakamega, na kila nikipanda kumtembelea tunabadilishana.