Kupiga picha Maporomoko ya Sezibwa ukitokea Kampala, kwa simu ama kamera

Watu wengi wakitoka Sezibwa wananitumia picha na swali ni lile lile, mbona maji yametoka meupe pee na maporomoko yanaonekana kadogo hivi? Basi jamani, ni madogo kweli. Urefu wake ni kama mita 7, si kama maporomoko ya Sipi kule Kapchorwa ambako yale ya chini yanakaribia mita 100. Ukisimama mbali ukataka kuingiza kila kitu unapata kamstari keupe katikati ya majani. Hapa tunapiga mwamba na mwendo wa maji, urefu achana nao.

Kwanza usafiri. Toka Kampala asubuhi na mapema, panda taksi (matatu) ya Lugazi ama Jinja, ni kilometa 35 hivi, ukishapita Mukono mkumbushe konda kwamba unashukia Kayanja na mkikaribia we sema "maaso awo!" (hapo mbele) kwa sauti, la sivyo utajikuta Lugazi. Hapo steji kuna boda, elewaneni bei ya kwenda na kurudi kabla hujapanda, alafu chukua namba yake. Beba keshi, noti ndogo ndogo.

Mambo ya msimu: mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba zinajaza mto, maji yanakuwa na nguvu lakini ikinyesha usiku yanaamka na rangi ya chai ya maziwa. Kiangazi yanapungua na mwamba unaonekana vizuri zaidi. Mi binafsi napenda siku chache baada ya mvua kubwa, na asubuhi yenye mawingu. Saa sita jua la huku liko utosini, sehemu moja inawaka nyingine giza, hakuna simu itakayokuokoa.

Ukishalipa getini chukua mwongozaji wa wageni, usijifanye mjuaji. Hii ni sehemu ya urithi wa Buganda na watu wanakuja kuabudu, si bustani ya picha tu. Atakuhadithia habari za Nakkungu Tebatuusa, yule mama aliyetarajia kuzaa mapacha yakatoka maji, mto Sezibwa na mwenzake Bwanda, kwa hiyo usishangae kukuta Ssalongo na Nnalongo (baba na mama wa mapacha) wamekuja na shughuli zao. Kwenye mianya ya mawe utaona mayai, buni, sarafu, mahali pengine kipande cha lubugo, kile kitambaa cha gome la mti. Usiguse, usisogeze ili fremu ikae vizuri, na mtu akiwa anaomba shusha kamera kabisa. Ukitaka kumpiga mtu, mwambie mwongozaji akuombee ruhusa kwanza, "ssebo" (bwana) na "nnyabo" (bibi) zinafungua milango mingi. Droni kama huna kibali iache nyumbani.

Sasa picha yenyewe. Shuka chini karibu na maji, viatu vya kushika maana yale mawe yana utelezi mbaya, usisimame kwenye jiwe lenye kijani hata kama ndo lenye angle tamu. Chuchumaa, weka kamera karibu na usawa wa jiwe moja lililo mbele yako, hilo jiwe lichukue kama theluthi ya chini ya fremu na maji yashuke nyuma yake. Hapo mita 7 zinaanza kuonekana kitu. Mbingu ikate yote, huihitaji.

Kwa kamera: tripodi, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100, tundu la lenzi f/8 ama f/11, spidi ya shata, yaani muda inaokaa wazi, anza na robo sekunde. Angalia. Ukitaka maji yawe laini zaidi nenda nusu mpaka sekunde 1, lakini mto ukiwa umejaa usizidishe kwa sababu povu lote linaungana linakuwa kitu kimoja cheupe hakina umbo, robo inatosha sana. Picha ikitoka nyeupe mno ndo unafunga filta ya ND, ile nyeusi ya kupunguza mwanga. Kama uko na filta ya polaraiza tu, ifunge hiyo, zungusha taratibu ukiangalia majani yaliyolowa, utaona mng'ao unatoka na kijani kinarudi, na mwanga unapungua kidogo juu yake.

Kwa simu: tundu la lenzi ya simu nyingi halipunguzwi kama la kamera, kwa hiyo mchana ukiweka shata ya nusu sekunde unapata karatasi nyeupe. Tafuta kivuli ama uwahi asubuhi. Ingia modi ya Pro, ile ya kupanga kila kitu mwenyewe, ISO ya chini kabisa, shata robo sekunde, simu uiegemeze kwenye begi ama tripodi ndogo, weka taima ya sekunde 2 ili kidole kisitikise. Mwenye iPhone apige na Live imewashwa bila kusogea, alafu akifungua picha achague eksposha ndefu (Long Exposure), inatoka vizuri tu. Modi ya Pro hauna? Gusa sehemu nyeupe ya maji kwenye skrini, shikilia mpaka ifunge fokasi, alafu vuta mwanga chini kidogo.

Picha za watoto wakirusha maji ni kinyume chake, shata ya haraka, sekunde 1/500 hivi.

Futa lenzi kila baada ya picha chache, ule mvuke hauonekani ila unakaa. Na kabla hujapanda juu, fungua picha uliyopiga uzumu kwenye mwamba, si kwenye maji. Maji yatakuwa laini vyovyote vile, mwamba ukiwa umetikisika rudia, umbali wote huo umeshakuja. Boda mpigie ukiwa bado unapakia vitu, na jitahidi uwe barabarani kabla ya saa tisa, kwa sababu taksi za kurudi Kampala zinapita Kayanja zimejaa na jamu ya Mukono jioni haina huruma. Nauli ya ziada itengee gonja (ndizi za kuchoma) ya Namawojjolo, soko la kando ya barabara njiani, wauzaji wanakuletea hadi dirishani.