SOMO: Kupanga shoti za asili kwa ajili ya skrini kubwa (soma yote ndipo uulize)

Wakuu, heshima kwenu. Swali la "shoti yangu imekaa vizuri kwenye kompyuta, mbona ukumbini inatia watu kizunguzungu?" nimelijibu hapa na kwenye ujumbe wa faragha mpaka nimechoka. Naliandika mara moja. Kuanzia leo atakayeuliza nitamtumia kiungo cha uzi huu na sitaongeza neno.

Nazungumzia skrini kubwa kwelikweli, za IMAX na za aina yake, zile za makumbusho na vituo vya sayansi, ambazo upana wake huanzia kama mita 21 na kimo chake kinalingana na jengo la ghorofa nne. Ukumbi wa kawaida haumo, hata uwe umeandikwa nini mlangoni. Na nazungumzia filamu za wanyama, bahari, milima na safari, za dakika arobaini hivi. Tamthilia zina wenyewe.

Jambo moja likukae, maana hatua zote zinatoka humo: mtazamaji wa skrini hii haoni kingo za picha. Kiti chake kiko karibu kuliko hata upana wa skrini, kwa hiyo macho hayawezi kuimeza fremu nzima kwa mkupuo. Anageuza shingo. Kazi yako ni kumfikisha mahali na kumwachia nafasi aangalie mwenyewe. Ukimshika kichwa ukamgeuza kwa nguvu, atakuchukia.

1. Jua unapigia skrini gani: bapa ya uwiano (upana kwa kimo) wa 1.43 kwa 1, ya dijitali ya 1.90 kwa 1, au kuba, yaani skrini iliyopinda kama nusu ya mpira juu ya watazamaji. Uliza kabla hujafungua begi la kamera.

2. Piga kwa ukubwa wa juu kabisa ambao kamera yako inao. 8K kama ipo. Hesabu ni rahisi: skrini ya mita 22 ikioneshwa kwa 4K, yaani pikseli (nukta za picha) kama elfu nne kwa upana, pikseli moja ina zaidi ya milimita 5. Kwa HD, yenye kama elfu mbili tu, inapita sentimita 1. Uzi mmoja wa unyoya wa ndege hauna upana huo.

3. Lenzi pana ndiyo iwe ya kila siku. Lenzi ndefu, ya kuvuta vya mbali, itumie kwa nadra. Uso wa mtu ukijaza fremu unakuwa na kimo cha mita 15, na hakuna anayetaka kukaa jioni nzima mbele ya matundu ya pua ya namna hiyo.

4. Shusha upeo wa macho. Mtazamaji anatazama sehemu ya chini ya skrini kwanza, ndiko macho yake yaliko akiwa ameketi. Mnyama au mpanda mlima muweke katikati, chini kidogo ya nusu. Sheria ya theluthi mliyofundishwa, ya kuweka kiini theluthi moja toka ukingoni, ipumzike. Sehemu ya juu iachie anga, matawi, jabali. Ukimweka tai juu pembeni kabisa, nusu ya ukumbi haitamwona mpaka ameshaondoka.

5. Kupani, yaani kugeuza kamera kushoto au kulia wakati inapiga. Hapa ndipo nilipoungua, na ndipo wanapoungua karibu wote wanaoniandikia, kwa hiyo twende taratibu.

Sinema ni picha 24 kwa sekunde. Kamera ikigeuka, kila kilichosimama kinaruka hatua moja toka picha hadi picha. Chukua mti mmoja mkavu mbugani, uvuke fremu nzima kwa sekunde 7, mwendo ambao watu wa televisheni wanauona wa kistaarabu. Sekunde 7 ni picha 168. Kwenye televisheni ya upana wa mita 1.2 mti unaruka milimita 7 kila picha, na jicho linaunganisha bila shida. Kwenye skrini ya mita 22 unaruka sentimita 13. Hata ukitoa hesabu kwamba ukumbini umekaa mbali zaidi, kwa jicho lako mruko huo ni mara tatu hivi ya ule wa sebuleni. Mti hausogei tena, unadundadunda: upo hapa, haupo, upo pale. Na kwa kuwa picha imejaza macho, mwili unasadiki kwamba wewe ndiye unayegeuka, huku sikio la ndani, linalopima mizani, linakataa katakata. Tumbo ndilo linalolipa.

Shoti hiyohiyo ikivuka kwa sekunde 30, mruko unashuka hadi sentimita 3. Ndiyo, sekunde 30. Unaona uvivu wakati wa kupiga? Vizuri, uko karibu na mwendo sahihi.

Tahadhari zake:

Usipani kama hakuna unachokifuata. Duma akikimbia ukamfuata, jicho la mtazamaji limeganda kwa duma na nyasi za nyuma hakuna anayezihesabu. Mandhari tupu ukiyafagia, jicho halina pa kushika.

Usipandishe kasi ya shata (kifuniko kinachoamua kila picha ipokee mwanga kwa muda gani) kwa sababu ya jua kali. Kwa picha 24, kaa kwenye 1/48 au 1/50 ya sekunde na uivishe lenzi kichujio cha ND, kioo cheusi kinachopunguza mwanga. Ukipiga kwa 1/500 kila picha inatoka kali kama wembe, ule ukungu mdogo wa mwendo unaopoza miruko unapotea, na mti wako unadunda mara mbili zaidi.

Ogopa vitu vilivyosimama wima: vigogo, nguzo, shingo za twiga. Hivyo ndivyo vinavyoonesha miruko kuliko kitu chochote. Na kamera ikisogea kando badala ya kugeuka papo hapo, ogopa pia vitu vya karibu, maana jiwe lililo mita mbili toka kwenye kamera linavuka fremu wakati mlima wa nyuma haujasogea.

Na tafadhali, usiseme "nitairekebisha kwenye uhariri". Kupunguza kasi kwa programu kunazalisha picha za kubuni katikati, na kwenye manyoya, maji na majani picha hizo zinachanika.

6. Acha shoti iishi. Sekunde nane, kumi, hata kumi na tano. Mtu anahitaji muda wa kutembeza macho.

7. Fokasi ikague kwenye skrini kubwa siku hiyohiyo, ukiwa bado eneo la kazi. Kioo cha nyuma ya kamera kinasamehe kila kitu. Na usifungue lenzi sana kutafuta ukungu mzuri wa nyuma. Huku mtazamaji anatembelea pembe zote za picha, akikuta ukungu anadhani projekta ina tatizo.

8. Jaribu nyumbani. Kama skrini ya kompyuta yako ina upana wa sentimita 60, sogeza uso hadi sentimita 40, zima taa, cheza shoti nzima. Ukijisikia kurudi nyuma, mtazamaji naye atajisikia hivyo, ila yeye hana pa kurudi.

9. Futa lenzi.

Karibuni kwa maswali.

---

Kozi_Mwekundu: Mkuu shukrani sana. Mimi nina droni ya HD tu, nikizikuza picha kwa programu si zitafaa?

Mwandishi: Hatua ya 2.

Kozi_Mwekundu: Nimeisoma mkuu, ila programu za siku hizi zinatumia akili bandia, zinaongeza mpaka manyoya.

Mwandishi: Zinaongeza manyoya ambayo mnyama hakuwa nayo. Unatengeneza makala ya ukweli, halafu ngozi ya mnyama imechorwa na kompyuta. Ukiilazimisha HD iingie, ipunguze: iweke kama dirisha dogo ndani ya picha kubwa, wengi hufanya hivyo kwa picha za zamani. Kuijaza skrini nzima usithubutu.

Bi Matumbawe: Hongera kwa somo. Umegusia kuba halafu ukapita. Mimi napiga chini ya maji na niliowaandalia picha wana kuba. Nini kinabadilika?

Mwandishi: Dada, hili ndilo swali. Kuba la IMAX limekuwepo tangu 1973, la kwanza lilifunguliwa San Diego, Marekani, na sheria zake ni kali kuliko za skrini bapa. Picha inatoka kwenye lenzi ya jicho la samaki, ile pana kupita zote, inazunguka mbele, pembeni na juu ya kichwa. Kwa hiyo kilicho juu ya fremu yako kinaishia utosini kwa mtazamaji. Kiini cha habari kiweke chini zaidi hata ya nilivyosema kwenye hatua ya 4. Mistari iliyonyooka itapinda, lakini chini ya maji huna mistari mingi, una bahati.

Adui yako ni mwanga. Kwenye kuba upande mmoja wa skrini unaangaliana na mwingine. Ukiwa na eneo jeupe kubwa, mwanga wake unaruka na kuuosha upande wa pili, na weusi wote unageuka kijivu. Kwa hiyo ile shoti ya kutazama juu, jua likichoma uso wa bahari, itamaliza rangi za matumbawe yote yaliyo chini. Ipige, ila isimame peke yake, usiitegemee ioneshe kingine. Papa mweusi akipita mbele ya bluu iliyotulia, hapo kuba linakuwa halina mpinzani.

Bi Matumbawe: Umenifungua macho. Nitapunguza shoti za kutazama jua.

mtu_wa_haraka: Refu sana hili. Weka muhtasari.

Mwandishi: Hapana.

Jabali 07: Sikubaliani na namba 5. Filamu za kuruka angani zinakwenda mbio na watu wanapiga makofi. To Fly! ya 1976 iliyotengenezwa kwa makumbusho ya anga ya Smithsonian ni kuruka mwanzo mwisho, na iliendelea kuoneshwa miaka na miaka.

Mwandishi: Soma tena, nimeandika kupani, sikuandika kuruka. Ukisonga mbele, picha inafunguka kutoka katikati. Katikati ambapo jicho limetua, vitu havisogei sana. Vinavyokimbia ni vya pembeni, na pembeni jicho halisomi kwa undani, linahisi mwendo tu. Ndiyo maana tumbo linacheza na mtu anacheka. Ukigeuka upande, katikati nako kunaruka. Ila hapo kwenye tumbo kucheza una haki: wakati mwingine ndicho unachokitafuta. Mpe mara mbili tatu ndani ya filamu nzima, na kabla yake mpe shoti iliyotulia.

Jabali 07: Sawa, hapo nimekuelewa.

mwanafunzi_wa_lenzi: Shikamoo mkuu. Kabla ya dijitali waliwezaje? Nasikia kamera zilikuwa hazibebeki.

Mwandishi: Marahaba. Filamu yenyewe ilikuwa na upana wa milimita 70, inapita kwa ulalo, na kila fremu moja inakula matundu 15 ya pembeni, yale ya kuvutia filamu. Eneo la fremu hiyo ni mara tisa hivi ya ile ya milimita 35. Mfumo huo, IMAX, ulioneshwa mara ya kwanza Osaka, Japani, kwenye maonesho ya dunia ya 1970, kazi ya Wakanada wanne. Filamu inakimbia karibu mita 1.7 kwa sekunde, kwa hiyo mkanda wa mita 305 unakwisha ndani ya dakika tatu.

Sasa fikiria David Breashears, mpanda mlima na mtengenezaji filamu, na wenzake juu ya kilele cha Everest, tarehe 23 Mei 1996. Walikuwa na kamera iliyotengenezwa upya ili ipungue uzito, na mkanda wa sekunde 90. Huwezi kuacha kamera izunguke ukisubiri bahati. Unapanga, unavumilia, unabonyeza. Filamu yao, Everest, ilitoka 1998. Mimi huwaambia wanaoanza: jipe sekunde 90 kwa siku hata kama kadi yako inabeba saa kumi. Utaona unavyoanza kutazama kabla ya kupiga.

Urefu wa dakika arobaini nao una sababu zake. Filamu ya dakika 40 ilikuwa mkanda wa zaidi ya kilomita 4, na makumbusho yanapenda onyesho moja kila saa, watu watoke wengine waingie.

mwanafunzi_wa_lenzi: Asante sana. Na 3D je? Nikitenganisha kamera mbili kwa mita moja milima itatokeza zaidi?

Mwandishi: Itatokeza, na itakuwa midogo. Macho ya binadamu yametengana kwa sentimita 6.5 hivi. Ukiyatenganisha kwa mita moja, ubongo unahitimisha kwamba mtazamaji ni jitu na mlima ni wa kuchezea mezani. Halafu kuna hatari ya pili ambayo watu wa televisheni hawaijui. Kitu cha mbali kabisa, picha yake ya jicho la kushoto na ya kulia zisiachane kwenye skrini zaidi ya hizo sentimita 6.5, la sivyo macho yanalazimika kutazama nje, kila moja na njia yake. Kwenye skrini ya mita 22 ya 4K, sentimita 6.5 ni pikseli 12 tu. Kwenye kompyuta yako pikseli 12 hutaziona. Zipime, usizikadirie.

Kozi_Mwekundu: Upepo je? Tripodi yangu ni nyepesi, shoti za lenzi ndefu zinatetemeka.

Punje: Ning'iniza begi zito chini ya tripodi.

Mwandishi: Begi liguse ardhi. Likining'inia bure linabembea na upepo, na tripodi inabembea nalo. Fungia kamba fupi, begi liketi chini huku kamba imekaza. Na miguu usiirefushe kama hujalazimika. Kozi, hili swali zuri.

Punje: Nyongeza kutoka kwa mtu wa sauti: rekodini sauti ya eneo hata kama hakuna kinacholia. Dakika tano za kimya cha mahali, mikrofoni imevishwa manyoya ya kuzuia upepo, kila mtu amenyamaza. Kumbi hizi zina spika nyuma ya skrini na nyuma ya watazamaji, na msimulizi akinyamaza sekunde kumi juu ya shoti pana, mhariri anahitaji kitu cha kuzijaza hizo spika.

Mwandishi: Naliunga mkono. Na mzime simu.

Punje: Na injini ya gari. Sauti ya chuma kinachopoa inasikika tik tik tik kwa dakika nyingi baada ya kuizima, kwa hiyo sogeeni mbali nalo.