Namna ya kuandika maisha ya Jenerali Smuts ukiwa Nairobi

Vijana wa mtaani wakinijia wakitaka kuandika maisha ya mtu wa historia, huwaelekeza kwa Jan Smuts, Kaburu wa Afrika Kusini aliyeongoza jeshi la Waingereza dhidi ya Wajerumani wa Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Alikuwa wakili kabla ya kuwa jenerali, na vita alivyoviongoza mwaka 1916 vilipita kwetu na kuchukua watu wa jamaa zetu. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa karani katika afisi za mawakili hapa mjini, kwa hiyo njia ninayofundisha ni ya faili. Kila karatasi iwe mahali pake, kila dai liwe na ushahidi, na upande wa pili usikizwe kabla ya hukumu.

Anzia mezani kwake

Wengi hukimbilia farasi na risasi. Wewe anzia kwenye karatasi zake. Smuts alizaliwa tarehe 24 Mei 1870 shambani karibu na Riebeek West, katika koloni la Cape. Alisomea sheria Christ's College, Cambridge, akamaliza mwaka 1894 kwa alama za juu kabisa. Mwaka uliofuata alirudi Cape Town kungoja wateja, na wateja hawakuja kwa wingi, akawa anaandikia magazeti.

Hapa tulia, usipapite mbio. Mwaka huo wa 1895 alisimama mbele ya watu Kimberley akamtetea Cecil Rhodes, tajiri wa madini na waziri mkuu wa Cape. Miezi michache baadaye watu wa Rhodes, wakiongozwa na Jameson, waliivamia Transvaal, jamhuri ya Makaburu, na wakili kijana akaonekana alimtetea mtu aliyemficha ukweli. Nimewaona mawakili waliopatwa na hayo kwa wateja wao. Baadaye hawamwamini mtu upesi, na huwa wakali kuliko walivyokuwa. Smuts alihamia Transvaal, na mwaka 1898, akiwa na miaka 28, Rais Paul Kruger wa Transvaal akampa kazi ya mwanasheria wa serikali. Ukiweza kumfanya msomaji aone jinsi mtetezi wa Rhodes alivyokuwa wakili wa Kruger katika muda huo mfupi, umeshika nusu ya kazi.

Vita vya Makaburu na Waingereza vilianza Oktoba 1899. Pretoria, mji mkuu wa Kruger, ilipokaribia kuanguka Juni 1900, Smuts alihakikisha dhahabu ya serikali imetolewa benki na kupakiwa kwenye gari moshi. Iandike kwa kirefu, kwa sababu ni tendo lake la kivita na bado ni kazi ya afisini. Baada ya hapo akapanda farasi. Mwaka 1901 aliongoza mamia machache ya wapanda farasi kuingia Cape, koloni alilozaliwa. Wenyeji wa koloni waliojiunga naye walihesabiwa kuwa wahaini na wangeweza kuuawa, naye alijua sheria hiyo vizuri kuliko wote waliokuwa pamoja naye. Mei 1902, kwenye mazungumzo ya amani ya Vereeniging, alihudhuria kama mshauri wa sheria wa Makaburu, na baada ya amani akashikamana na Waingereza.

Panga kadi

Kata karatasi ngumu, andika tarehe moja kwa kila kadi, zipange sakafuni. Februari 12, 1916: Waingereza na wanajeshi wa Afrika Kusini wanashindwa na Wajerumani kwenye kilima cha Salaita, karibu na Taveta. Februari 19: Smuts anashuka Mombasa kuchukua nafasi ya Horace Smith-Dorrien, kamanda wa Waingereza aliyeugua. Machi 11: mapigano ya Latema na Reata. Agosti: Morogoro. Septemba: Dar es Salaam. Januari 1917: anaondoka kwenda London. Ukizitazama hivyo utaona kwamba hakukaa nasi hata mwaka mzima. Tarehe usiyoipata katika maandishi mawili yanayojitegemea, iweke kando.

Mhoji shahidi wako

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Ripoti ya jenerali isome kama hoja ya wakili: imeandikwa na mtu anayetaka kushinda. Smuts alipofika London mwaka 1917 alieleza kwamba kazi ya Afrika Mashariki imekwisha kwa sehemu kubwa. Mchukue neno kwa neno, kisha mwite shahidi wa pili. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliweka silaha chini Abercorn, ndiyo Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, siku 14 baada ya vita kusimamishwa Ulaya. Karibu miaka 2 baada ya kazi "kwisha", bado alikuwa anapigana.

Shahidi wa tatu yuko hapa nyumbani. Mwaka 1917, Smuts akiwa keshaondoka, serikali ya koloni ilifanya msako mkubwa kuliko yote ya kuwakamata wanaume wawe wachukuzi wa mizigo ya jeshi, chini ya ofisa John Ainsworth. Weka kadi hizo mbili pamoja, ya hotuba za London na ya msako wa vijijini, ziguse. Mimi naamini sura nzima ya Smuts katika Afrika Mashariki imo kati ya kadi hizo.

Uliza pia kwa nini alipiga mbio vile. Hakupenda kuvamia mahandaki uso kwa uso. Alizunguka ubavuni na kusonga mbele. Alikuwa bado waziri wa ulinzi kwao, mwenye wapiga kura wanaohesabu maiti. Lakini jeshi lililokimbia liliacha posho nyuma. Mvua za masika ziliziba njia, mbung'o wakaua farasi na nyumbu, malaria na kuhara damu vikaangusha askari kwa maelfu. Mnyama akifa, mzigo huhamia kichwani mwa mtu.

Fuata sheria iliyombebesha huyo mtu

Mwaka 1915, kabla Smuts hajafika, koloni lilipitisha sheria ya kuandikisha wachukuzi kwa lazima. Jeshi la jenerali mwanasheria lilisimama juu ya sheria hiyo, na sijaona kwamba aliihoji. Hesabu rasmi ya Waingereza wenyewe inasema wachukuzi waliokufa ni zaidi ya 40,000. Wengi hawana kaburi lenye jina, na mishahara ya wengi haikuwafikia jamaa zao.

Kwa haya nenda Kumbukumbu za Taifa, Moi Avenue. Beba kitambulisho na penseli, fika asubuhi. Usiombe "Smuts", maana utaletewa machache. Omba ripoti za mwaka za wilaya, 1914 hadi 1919, anza na wilaya ya kwenu, na uliza maandishi ya Oscar Watkins, ofisa aliyesimamia wachukuzi. Soma polepole. Ofisa anapolalamika kwamba vijana wametorokea msituni, huyo ni babu ya mtu anakataa.

Ukitoka hapo, tembea hadi Kenyatta Avenue kwenye sanamu ya askari, iliyosimamishwa mwaka 1928. Mmoja wa wale watatu ni mchukuzi, na maandishi yanawaita wachukuzi miguu na mikono ya jeshi. Kisha shuka Kariokor, palipokuwa na kambi yao. Kwa wazee usiulize kuhusu jenerali. Salimia vizuri, kaa, uliza: "Katika ukoo wenu, nani alikwenda kubeba mizigo, na malipo yake yalichukuliwa na nani?" Mpwa wangu alipouliza hivyo alirudi mbio akiniambia, "Mjomba, wamenipa majina matatu!"

Ukipata nauli, panda treni hadi Voi, kisha matatu ya Taveta. Salaita utaiona kutoka barabarani. Simama jua kali la saa saba, ufikirie umebeba sanduku la risasi.

Usimkate 1918

Miaka iliyobaki iandike kwa kifupi, ila mambo matatu yasikosekane. La kwanza ni Gandhi, wakili mwenzake, ambaye Smuts alimfunga na baadaye, mwaka 1914, akapatana naye. La pili ni Bulhoek, kwao Afrika Kusini: tarehe 24 Mei 1921, siku Smuts alipotimiza miaka 51 akiwa waziri mkuu, polisi waliua waumini zaidi ya 160 waliokataa kuhama. La tatu ni mwaka 1945, aliposhiriki kuandika utangulizi wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa, unaotaja haki za binadamu, huku nchini kwake Waafrika walio wengi hawana kura. Usiyalainishe haya, wala usimfanye shetani. Yapange kwa tarehe.

Alifariki tarehe 11 Septemba 1950. Rasimu ikikamilika, mpe mtu wa Taita au Taveta aisome kabla hujaichapisha, na majina uliyopewa na wazee yaingize ndani ya sura ya 1916, pale pale penye majina ya maofisa.