Kidole kwanza, maji baadaye
Mimea ya kwenye vyungu haikaukiwi kwa pamoja, hata ikiwa imepangwa safu moja, kwa hiyo usiimwagilie yote kwa ratiba moja. Chomeka kidole kwenye udongo wa kila chungu, sentimita 3 hadi 5. Kikitoka na chembe za udongo zilizonata, kiache chungu hicho. Kikitoka kikavu, mwagilia shinani taratibu mpaka maji yachuruzike kwenye matundu ya chini. Udongo wa juu hukaushwa mapema na jua na upepo, ndiyo maana macho hudanganya. Kwa mshubiri (aloe vera), subiri udongo ukauke kabisa. Njia hii hukwama udongo ukishajitenga na ukingo wa chungu: maji hupita pembeni, katikati pakabaki pakavu. Hapo kitumbukize kwenye beseni la maji nusu saa, kisha kiache kichuje.