SOMO: Mtoto hakulia alipozaliwa. Uanzie wapi?

Habari zenu wazazi. Wengi mnaoniandikia mnaanza na maneno yaleyale: "Mwanangu hakulia," halafu sentensi ya pili ni ya kumtafuta wakili. Subirini kidogo. Nimekuwa mkunga wodi ya wazazi miaka kumi na mmoja, na sasa ni msaidizi wa kisheria, kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za meza. Kesi hizi huamuliwa na saa. Saa ngapi mapigo ya mtoto yalisikilizwa, saa ngapi daktari aliitwa, saa ngapi mama aliingia chumba cha upasuaji. Nawaeleza jinsi ya kuzipata saa hizo.

Hatua ya 1: Mtoto kwanza

Ubongo wa mtoto ukikosa oksijeni wakati wa uchungu, dalili hazikawii. Mtoto analegea, anashindwa kunyonya, anapata degedege siku ya kwanza au ya pili. Mwombe daktari aandike kila dalili na saa yake, na kama kuna ultrasaundi ya kichwa inayopigwa utosini, ifanyike. Mazoezi ya viungo yaanze mapema, pale hospitali ya CCBRT kama uko Dar es Salaam, au kitengo cha mazoezi cha hospitali ya mkoa wako. Kesi inaweza kuchukua miaka, na shingo ya mtoto haiwezi kungoja hukumu.

Hapa niseme jambo litakalowaudhi baadhi yenu. Mmesoma mtandaoni kwamba mtoto angepozwa mwili ndani ya saa 6 angepona, na mnataka kushtaki kwa sababu hospitali haina mashine hiyo. Utafiti uliofanyika India, Sri Lanka na Bangladesh, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa watoto waliopozwa walikufa zaidi ya wale ambao hawakupozwa. Hoja hiyo iacheni.

Hatua ya 2: Andika unachokumbuka, leo hii

Chukua daftari. Usiandike "walinitelekeza". Andika hivi: "Saa 4 usiku nilifika, njia sentimita 5. Saa 6 chupa ilipasuka, maji ya kijani, nikamwambia nesi mwenye miwani. Saa 9 ndipo aliporudi kunipima." Aliyekusindikiza aandike ya kwake peke yake, msikae pamoja mkasahihishana. Kwenye simu zenu msifute kitu. Kuna mama mmoja alikuwa hana saa ukutani wala mkononi, lakini mumewe alitumiwa hela ya glovu na drip kwa M-Pesa, na ule ujumbe ulionyesha dakika kamili walipoambiwa wakanunue.

Hatua ya 3: Faili, na hasa patografu

Andika barua kwa Mganga Mfawidhi ukiomba nakala ya faili la mama na la mtoto. Peleka barua mbili, moja igongwe muhuri wa mapokezi urudi nayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuzifikia taarifa zako, itaje kwenye barua. Omba kwa adabu, bila vitisho vya mahakamani.

Ndani ya faili tafuta patografu, ile karatasi yenye miraba midogo ya kufuatilia uchungu saa kwa saa. Juu kuna nukta za mapigo ya moyo wa mtoto, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 110 na 160, na katika uchungu uliokolea yanapaswa kusikilizwa kila nusu saa. Chini yake kuna alama za X zinazoonyesha njia inavyofunguka, zikipanda kando ya mstari wa tahadhari. Umbali wa saa 4 kulia kwake kuna mstari wa kuchukua hatua. X ikivuka mstari huo na hakuna kilichoandikwa kufanyika, hapo ndipo wakili atakapoweka kidole.

Na sasa siri yetu wakunga, wenzangu mnisamehe. Patografu iliyojazwa baada ya mtoto kuzaliwa huwa nzuri mno. Peni moja tangu jioni mpaka alfajiri, mwandiko hautetereki, mapigo 140, 140, 140, halafu mtoto anatoka hapumui. Moyo wa mtoto aliyechoka hauendi hivyo.

Angalia pia alama za Apgar, yaani alama 0 hadi 10 za hali ya mtoto alivyozaliwa, za dakika ya 1 na ya 5. Mtoto aliyepata 3 akafika 8 amerudi haraka. Aliyebaki 3 na 4 hadithi yake ni nyingine, ingawa Apgar peke yake haithibitishi uzembe wa mtu.

Hatua ya 4: Bahati mbaya au uzembe?

Kamba ya kitovu inaweza kumtangulia mtoto, kondo linaweza kuachia ghafla, hata mikononi mwa mkunga bora. Mahakama itauliza walifanya nini baada ya hapo, na kama kuchelewa kwao ndiko kulikoleta madhara. Mtindio wa ubongo pia huletwa na manjano kali, kuzaliwa njiti au homa ya uti wa mgongo. Bila daktari bingwa wa kusema hili limetokana na lile, kesi haina miguu.

Kwa upande mwingine, tusidanganyane kwamba kila kitu ni mapenzi ya Mungu. Wakunga wa hospitali 8 hapa nchini walipofundishwa kumsaidia mtoto kupumua ndani ya dakika yake ya kwanza, vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilipungua kwa asilimia 47. Vifaa vyenyewe ni kitambaa kikavu na ambubagi, ule mfuko wa kumpulizia mtoto hewa. Ikiwa ambubagi ilifungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko nyumbani, swali lipo.

Hatua ya 5: Pa kupeleka

Malalamiko dhidi ya daktari yanaenda Baraza la Madaktari Tanganyika, ya nesi au mkunga Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mabaraza yanaweza kumwadhibu mtaalamu, ila fidia inatafutwa mahakamani. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3. Hospitali ikiwa ya serikali, lazima kwanza utoe notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Kama huna uwezo, ulizia msaada wa kisheria LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) au TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania).

MASWALI YA WANACHAMA

*Mama wa Kahama: Shikamoo dada. Wangu ana miaka 6, nimeshachelewa?*

Marahaba mdogo wangu. Kwa haki ya mtoto mwenyewe, ile miaka 3 huhesabiwa tangu atimize 18. Gharama unazodai wewe mzazi kwa jina lako ni hesabu nyingine, hapo umechelewa. Ila usikae. Nesi anahama, faili linaliwa na mchwa.

*Baba wa Tanga: Wanasema faili halionekani.*

Waandikie wakujibu hilo kwa maandishi. Kisha omba nakala ya mstari wa mkeo kwenye rejista ya MTUHA, kile kitabu kikubwa cha takwimu za afya, ya wodi ya wazazi. Rejista haibebwi hovyo kama faili.

*Mwanachama: Mke wangu alipewa na bibi dawa ya kienyeji ya kuharakisha uchungu. Tuseme?*

Mwambieni wakili siku ya kwanza. Upande wa pili watalijua tu, na likitokea mdomoni mwao mtaonekana waongo hata kwenye ya kweli.

*Mama wa Mbagala: Walinipa laki tano na karatasi ya kusaini kwamba nimesamehe. Nilisaini.*

Pole sana mama. Hiyo karatasi unayo? Mpelekee wakili kama ilivyo, na usipokee nyingine.

*Mama wa Kahama: Dada, nakala nimepata leo. Mapigo ni 140 mstari mzima.*

Usiandike chochote juu yake. Ipige picha mbele na nyuma, iweke kwenye bahasha. Nakupigia jioni.