Jinsi ya kupima uhusiano wa mwanasiasa na kiongozi wa dini mwenye utata

Kabla hujagusa mahubiri yenyewe, amua kwanza ni uhusiano wa aina gani. Kupiga picha pamoja ni jambo moja, kuungwa mkono ni jingine, kuwa muumini wa miaka mingi ni jingine tena. Uzito zaidi uko kwenye nipe nikupe: fedha, watu wa kampeni, kura, kisha fadhila serikalini. Uhusiano wa namna hiyo ndio huchelewa kuonekana, maana hauna video ya kusambaza.

Uliza pia nani alimtafuta mwenzake. John McCain, aliyewania urais wa Marekani, hakuwa muumini wa kanisa la mchungaji John Hagee wa Texas, lakini mwaka 2008 aliutaka uungaji mkono wake, akaukataa Mei 22 baada ya kuibuka mahubiri ya zamani ya Hagee yaliyodai kuwa Hitler alitimiza mpango wa Mungu. Kutokuwa muumini hakukumwondolea swali la kwa nini hakuchunguza mapema.

Halafu chora mstari wa tarehe. Chukua Barack Obama, mgombea urais mwaka huohuo, aliyekuwa muumini wa kanisa la mchungaji Jeremiah Wright kwa takriban miaka 20. Vipande vya mahubiri ya Wright ya kuilaani Marekani vilirushwa kwenye televisheni katikati ya Machi 2008. Machi 18, pale Philadelphia, Obama alilaani maneno hayo lakini hakumkana Wright mwenyewe. Wright alipozungumza tena hadharani Aprili 28, Obama alijitenga naye kesho yake, na Mei 31 akatangaza kujitoa kanisani. Kila tarehe iwekee kilichojulikana siku hiyo. Mahubiri tafuta mazima, maana kipande cha sekunde chache hakikuonyeshi hoja ilianzia wapi, ingawa wakati mwingine mazima huwa mabaya kuliko kipande.

Majibu ya mwanasiasa ndiyo sehemu ya kukaa nayo zaidi. Mwaka 2022, baada ya waziri mkuu wa zamani wa Japani, Shinzo Abe, kuuawa na mtu aliyekuwa na chuki na Kanisa la Muungano (dini iliyoanzia Korea Kusini), chama tawala cha nchi hiyo kilikiri kwamba wabunge wake 179 kati ya 379 walikuwa na mawasiliano ya namna fulani na kanisa hilo. Waziri Daishiro Yamagiwa alikuwa akisema hakumbuki kukutana na watu wa kanisa hilo, ushahidi ukitoka anakubali. Oktoba 24 alijiuzulu. Ukiona maelezo yanafuata picha badala ya kuzitangulia, hiyo iandike kama kasoro inayojitegemea.

Usihukumu imani yenyewe. Swali halali ni nani ana kauli ya mwisho ofisini. Septemba 12, 1960, John Kennedy, mgombea urais wa Marekani na Mkatoliki, aliwaambia wachungaji wa Kiprotestanti wa Houston kwamba urais ukigongana na dhamiri yake, atajiuzulu. Jibu la namna hiyo linapimika.

Ukitaka kujua imani ya wananchi imeshuka kiasi gani, linganisha kura za maoni za taasisi ileile, swali lilelile, kabla na baada, huku wafuasi wa mwanasiasa huyo ukiwatenga na wasio na chama. Kwa waliohojiwa 1,000, kosa la sampuli, yaani tofauti inayoweza kutokea kwa bahati tu, ni kama asilimia 3 juu au chini, kwa hiyo kushuka kwa pointi 2 usikuite anguko.