Somo: Kibonyezo cha kinanda kimegoma? Kitengeneze mwenyewe nyumbani

Wadau, vinanda vya umeme huku Mtwara na Lindi vina maadui watatu: hewa ya chumvi, vumbi na mende. Kinanda cha kwaya kikilala chini ya dirisha linalotazama bahari, au kikipandishwa pikapu kwenda Newala bila begi, kibonyezo kitagoma tu. Hapo kila mtu husema "kimevunjika". Mara nyingi hakijavunjika, kwa hiyo tuanze na vipimo kabla ya bisibisi.

Pima kwanza. Bonyeza taratibu, kisha kwa nguvu. Kama kinashuka na kupanda vizuri lakini hakilii, au kinapiga kelele hata ukikigusa kidogo, mara nyingi shida ni uchafu kwenye raba. Chini ya kila kibonyezo cha kinanda kinachohisi nguvu ya kidole kuna raba yenye vidoti vyeusi vya kaboni. Kidoti kimoja hugusa bodi (ubao wa saketi) mapema kidogo kuliko mwenzake, na kinanda hupima muda kati ya miguso hiyo miwili ili kijue umepiga kwa nguvu kiasi gani. Kimoja kikichafuka, hesabu yote inaharibika.

Kama kinashuka na hakirudi, au kimelegea, hapo ni springi au plastiki. Na kama vimekufa vingi kwa mpangilio, tuseme kila cha nane, achana na raba. Angalia waya bapa unaokwenda kwenye bodi kuu, huenda umechomoka.

Vifaa. Bisibisi ya nyota, brashi laini, vijiti vya pamba, na spiriti ya isopropili, ya asilimia 90 kwenda juu ukiipata. Ya 70 inafaa pia ila ina maji zaidi, ikaushe muda mrefu. Petroli, thina na WD-40 viache gereji.

Kufungua. Zima, chomoa adapta, toa betri. Laza kinanda kifudifudi juu ya blanketi, na uweke nguo zilizokunjwa kwenye ncha mbili ili swichi za juu zisibebe uzito. Chora umbo la kinanda kwenye boksi na uchomeke kila skrubu mahali ilipotoka, kwa sababu hazilingani urefu. Ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa upande wa pili. Piga picha waya zote kabla ya kuchomoa hata mmoja.

Kwenye vinanda vya bei nafuu vibonyezo huja kwa seti za oktavu (noti C hadi B), zimepandana. Kumbuka ipi ilikuwa juu ya ipi. Kwenye piano za vibonyezo vizito kila kimoja hutoka peke yake, na kile cheusi mara nyingi hakitoki mpaka utoe vyeupe vya jirani.

Kusafisha. Vuta raba polepole. Imeshikwa na vichuchu vilivyopita kwenye matundu ya bodi. Futa vidoti na bodi kwa pamba iliyoloa kidogo tu. Usikwangue kwa msasa wala kucha, ile kaboni ikitoka hairudi. Acha ikauke kabisa kabla ya kurudisha, maana raba ikinasa majimaji kwa chini hunata.

Plastiki ikiwa imevunjika kweli. Supaglu kwenye sehemu inayopinda haidumu. Kama vibonyezo vinatoka kimoja kimoja, fanya hivi: chukua cha herufi ileile kutoka oktavu ya juu kabisa, ambayo mpiga kinanda wa kwaya haigusi, ukilete katikati. Kibovu kipeleke huko pembeni kikasubiri. G kwa G, A kwa A, kwa sababu maumbo yanatofautiana. C ya mwisho kulia usiiguse: haina pengo la cheusi upande wake, haitakaa kwingine. Ukiagiza kipya Kariakoo, taja modeli na namba iliyochongwa chini ya kibonyezo, vinginevyo basi litakuletea kisichoingia.

Kabla ya kufunga unaweza kujaribu sauti, ila kwa kinanda cha adapta tu. Kama waya wa ukutani unaingia moja kwa moja ndani, usiwashe kikiwa wazi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanakwaya, Masasi: Shikamoo mwalimu. Chetu kimemwagikiwa soda, vibonyezo vinanata. Spiriti itatosha?

Jibu: Marahaba. Haitatosha, sukari inataka maji. Toa vibonyezo, vioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, raba vilevile. Bodi ifute kwa kitambaa chenye unyevu, halafu umalizie na spiriti. Na msikiwashe mpaka hapo.

Mdau wa Kilwa: Mkuu, kimoja kinakwaruza kikishuka. Nikipake mafuta ya nazi?

Jibu: Hapana mkuu, yatakusanya vumbi na kuganda. Tumia grisi ya silikoni, tone dogo, pale kibonyezo kinaposuguana na kiongozi chake, yaani kipande kinachokielekeza kikishuka. Isifike kwenye raba.

Nachingwea Boy: Mende wamo ndani. Nipulize dawa ya kopo?

Jibu: Dawa hizo zina mafuta na vimumunyisho, zitakuachia kazi kubwa kuliko mende. Fungua, piga brashi, safisha, kisha kiwe kinalala kwenye begi lenye zipu.

Dada wa Mikindani: Kaka, fundi anasema bodi imeungua ninunue nyingine, na kisichofanya kazi ni kibonyezo kimoja tu. Nimwamini?

Jibu: Dada, usitoe hela bado. Mwambie abadilishane ukanda wa raba wa oktavu hiyo na wa oktavu nyingine yenye urefu uleule. Ububu ukihama pamoja na raba, bodi ni nzima. Ukibaki palepale hata baada ya kusafisha, hapo aikague bodi mbele yako, aanzie kwenye njia ya kibonyezo hicho.